Membe, Bernard Kamillius (1953–2023)

Bernard Kamillius Membe alikuwa ofisa wa Usalama wa Taifa wa Tanzania ambaye baadaye aliingia siasa, akawa mbunge wa Mtama kwa miaka 15 na waziri wa mambo ya nje kuanzia 2007 hadi 2015. Alizaliwa tarehe 9 Novemba 1953 Rondo Chiponda, mkoani Lindi. Baada ya shule ya msingi alipita katika seminari mbili za Kikatoliki, Namupa na kisha Itaga ya Tabora. Watu wa Fizi na Baraka, Kivu Kusini nchini Kongo, wana sababu yao ya kumjua: yeye ndiye aliyesimamia mambo ya nje ya Tanzania wakati askari wa nchi hiyo walipoingia Kivu kupigana na waasi wa M23.

Aliajiriwa Ofisi ya Rais mwishoni mwa miaka ya 1970 kama mchambuzi wa masuala ya usalama. Wakati huo Idara ya Usalama wa Taifa haikuwa na sheria yake. Sheria ilitungwa mwaka 1996. Mchambuzi hafuati watu mitaani. Huletewa taarifa zilizokusanywa na wengine, huzipima ipi ya kuaminiwa na ipi ya uzushi, kisha humwandikia mkuu wa nchi kwa maneno machache. Ng'ambo ya magharibi ya Ziwa Tanganyika kulikuwa na mengi ya kupimwa. Chama cha waasi cha PRP cha Laurent-Désiré Kabila kilikuwa bado kinashikilia milima ya Fizi, na Mei 1975 wapiganaji wake walikuwa wamevuka ziwa na kuteka watafiti wanne waliokuwa kwenye kituo cha utafiti wa sokwe cha Gombe, Kigoma. Kabila mwenyewe aliishi Dar es Salaam kwa vipindi. Ofisa wa kizazi cha Membe alijifunza kazi katika nchi iliyowahifadhi wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika, na ambayo mwaka 1978 ilivamiwa na Idi Amin huko Kagera.

Kazi hiyo aliichanganya na masomo. Alisomea siasa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuanzia 1981 hadi 1984, kisha uhusiano wa kimataifa katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, hadi 1992. Kutoka huko alipelekwa ubalozi wa Tanzania mjini Ottawa, Kanada, akakaa hadi 2000.

Mwaka huo alirudi nyumbani, akagombea ubunge wa Mtama kwa tiketi ya chama tawala, CCM, na kushinda. Jakaya Kikwete alipochukua urais alimteua naibu waziri wa mambo ya ndani, halafu wa nishati na madini. Vipindi vyote viwili vilikuwa vifupi. Januari 2007 Asha-Rose Migiro alikwenda Umoja wa Mataifa kuwa naibu katibu mkuu, na Membe akapewa wizara aliyoiacha.

Hapo ndipo mafunzo yake ya zamani yalipozaa matunda. Mwaka 2008 Kikwete alikuwa mwenyekiti wa Umoja wa Afrika. Machi mwaka huo askari wa Tanzania walishiriki kumwondoa Mohamed Bacar, mtawala muasi wa kisiwa cha Anjouan, Komoro. Mwaka 2012 ulizuka mvutano na Malawi juu ya mpaka wa Ziwa Nyasa, na mwaka 2013 Membe aliongoza waangalizi wa jumuiya ya kusini mwa Afrika, SADC, katika uchaguzi wa Zimbabwe. Mambo yote hayo yalikuwa mazito, lakini la Kongo liliyazidi.

M23 waliuteka mji wa Goma Novemba 2012. Tarehe 28 Machi 2013 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 2098, lililounda brigedi ya askari 3,069 yenye ruhusa ya kushambulia. Askari walitoka Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, na kamanda wa kwanza alikuwa Mtanzania, James Mwakibolwa. Mei mwaka huo, mjini Addis Ababa, Kikwete aliishauri Rwanda izungumze na waasi wake wa FDLR. Kigali ilikasirika, na Membe akasema rais wake hataomba radhi. Mwanzoni mwa Novemba M23 walishindwa. Ushindi huo ulikuwa wa Kivu Kaskazini. Katika eneo la Fizi, Lubondja ikiwemo, vikundi vyenye silaha havikuondoka kwa sababu yake, na maelfu ya Wakongo waliokuwa wamekimbilia kambi ya Nyarugusu, Kigoma, tangu vita vya 1996, hawakupata njia ya kurudi. Ukweli huo hauifuti kazi ya 2013, lakini anayeisifu bila kuutaja hajaisimulia yote.

Ndani ya CCM mambo yalikuwa magumu zaidi. Mwaka 2014 chama kiliwaadhibu makada sita, Membe na Edward Lowassa wakiwemo, kwa kuanza kampeni za urais mapema. Julai 2015 Membe aliingia tano bora mjini Dodoma, lakini Halmashauri Kuu haikumpitisha katika tatu bora, na tiketi ikaenda kwa John Magufuli. Kiti cha Mtama kilirithiwa na Nape Nnauye.

Magazeti yalimwita kachero mbobezi, na sifa hiyo ilimfanya atazamwe kwa hofu na wenzake. Februari 2020 CCM ilimfukuza uanachama. Alijiunga na ACT-Wazalendo na kugombea urais Oktoba mwaka huo, lakini viongozi wa chama hicho, Zitto Kabwe na Seif Sharif Hamad, waliwataka wafuasi wampigie Tundu Lissu wa Chadema. Alipata kura 81,129, chini ya asilimia moja. Hesabu za ndani ya vikao alizijua vizuri. Umati wa wapiga kura wa taifa zima hakuwa nao.

Mwaka 2021 alishinda kesi ya kuchafuliwa jina, Mahakama Kuu ikiamuru alipwe fidia ya shilingi bilioni tisa. Mwaka uliofuata CCM ilimrudishia uanachama. Alifariki Dar es Salaam tarehe 12 Mei 2023, akiwa na umri wa miaka 69.