Koti Kuukuu Ndilo Vazi la Kale la Rungwe

Shule au kikundi cha sanaa cha Makandana kikitaka kuigiza Tukuyu ya enzi ya Wajerumani, ushauri wa kwanza kitakaoupata ni kununua jora jipya la kaki na kumpelekea fundi. Mitumba, wataambiwa, ni masalia ya Ulaya ya juzijuzi. Itawezaje kuwa vazi la babu zetu? Mimi naona kinyume. Katika milima hii nguo iliyokwisha kuvaliwa na mwingine, ikafumuliwa na kushonwa upya, ina historia ndefu kuliko jora lolote la dukani, na mshoni anayeanzia kwenye rundo la makoti ya baridi sokoni anafuata desturi ya wazee wake hata kama hajui.

Wamoravian walifungua misheni ya Rungwe mwaka 1891, na Waluteri wa Berlin wakaingia Unyakyusa mwaka huohuo. Nguo za kushonwa zilikuja na misheni, kisha na boma la Neu-Langenburg, yaani Tukuyu hii hii, lakini hazikuja kwa wingi. Waingereza wakaliteka boma hilo mwaka 1916, na vita vikawaacha askari na wapagazi waliozoea kaptura, koti na filimbi. Baadaye vijana walikwenda kuchimba dhahabu Lupa, na wengine shaba katika Rhodesia ya Kaskazini, ambako nguo kuukuu zilikuwa zikivushwa kutoka Katanga hata kabla ya uhuru. Mshahara wa mgodi ulirudi nyumbani ukiwa umevaliwa mwilini. Terence Ranger, katika kitabu chake cha 1975 kuhusu beni, alionyesha jinsi ngoma hiyo ya pwani ilivyoenea bara pamoja na askari na vibarua, ikiwa na kingi wake, majenerali wake na sare zake. Mganda na malipenga za mwambao wa Ziwa Nyasa ni za ukoo huohuo. Wachezaji hao hawakuwa na stoo ya jeshi. Sare zao zilitokana na kile kilichopatikana, na ustadi wao ulikuwa kukifanya kionekane kimetolewa na serikali.

Ustadi huo bado unaonekana kwenye cherehani. Chukua suruali pana ya pamba nzito kutoka kwenye mtumba. Fundi mzuri hakati kwanza. Anafumua mshono kwa wembe, polepole, kwa sababu mguu mmoja ukifunguka wote unatoa kitambaa cha kutosha mkono wa koti. Chini ya mfuko na ndani ya pindo rangi ya awali imebaki, na hapo ndipo anapoona kama upande wa ndani unafaa kugeuzwa uwe wa nje. Zipu inaondoka, vifungo vinaingia, lastiki ya kiunoni inatupwa. Shuka jeupe mno huchemshwa katika majani ya chai mpaka lipoteze upya wake, na sioni dawa inayofaa zaidi wilayani ambamo chai ilijaribiwa na Wajerumani pale Kyimbila mwaka 1904. Jora jipya, hata likishonwa vizuri, halina uchakavu wa aina hiyo, na jukwaani hung'aa kama sare ya mgambo siku ya kuhitimu.

Wapo watakaosema kwamba vazi la kweli la Mnyakyusa ni gome la mti lililopondwa na pete za shaba kiunoni, na kwamba koti ni ugeni mtupu. Onyesho la mambo ya kabla ya misheni lishone gome, sina ubishi. Lakini hata waya wa shaba ulikuwa bidhaa ya misafara ya biashara, na hakuna aliyewahi kumwambia mzee aliyeuvaa kwamba si Mnyakyusa. Kitu kikishageuzwa na mikono ya hapa, kikapewa cheo na ngoma yake, kimekuwa cha hapa.

Pingamizi zito zaidi ni la viwanda vya nguo. Mitumba ilirudi kwa nguvu baada ya masharti ya uagizaji kulegezwa mwaka 1984, na viwanda kama Urafiki na Mwatex vikayumba. Jumuiya ya Afrika Mashariki iliazimia mwaka 2016 kuiondoa ndani ya miaka mitatu. Marekani ikatishia kufuta nafuu ya kibiashara ya AGOA, na Rwanda pekee ikashikilia msimamo. Hoja hiyo naikubali kama hoja ya biashara. Ila makoti kumi ya mchezo wa kuigiza hayafungi kiwanda wala hayakifungui, na jora la kaki linalonunuliwa dukani leo mara nyingi nalo limetoka nje. Kikundi kinachoandaa onyesho kianze sokoni, kifumue kwanza, na fedha iliyotengwa kwa ajili ya jora imlipe fundi.