DAKTARI ALIYEKATAA KUWEKA MAJI: Kutoka kwa Ar-Razi hadi Kyeni na Kilifi



Ndugu msomaji, nianze na kisa cha nyumbani. Miaka michache iliyopita mtoto wa dada yangu, ana miaka miwili na nusu, alishikwa na homa kali usiku. Mwili unachemka lakini mikono na miguu ni baridi, na anapumua kwa haraka. Tulimkimbiza hospitali moja huku kwetu upande wa Mlima Kenya. Daktari wa zamu alikuwa kijana tu (kwetu kila aliyevaa koti jeupe ni daktari, hata kama ni klinikal ofisa). Akamtoboa kidole kupima malaria na sukari, akamwekea oksijeni, akamdunga dawa. Mama yangu akangoja, akaona kimya, akauliza: "Sasa maji mnamwekea saa ngapi?" Yule kijana akajibu kwa adabu, "Mama, hatutamwekea maji ya kukimbia. Tutampa kidogo kidogo."

Wacha! Usiku ule wodi haikulalika. Nyanya alisema tumedharauliwa kwa sababu hatuna pesa. Mjomba alitaka tumhamishe mtoto usiku uleule. Mimi nami, msomi wa chuo kikuu, nilikuwa upande wa mjomba. Mtoto anazimika mbele ya macho yako, chupa ya maji imening'inia pale, na mtu anakataa kuifungua, wewe ungesema nini?

Mtoto alipona, alhamdulillahi. Lakini kupona kwake hakuthibitishi kwamba daktari alikuwa sahihi, kama vile angekufa isingethibitisha kwamba alikosea. Mtoto mmoja hawezi kukupa jibu. Basi daktari hujuaje? Swali hili lina historia ndefu, na sehemu ya historia hiyo imepita hapa hapa Embu bila wengi wetu kujua.

Kwanza tuulize kwa nini wazee wetu wanaamini sindano na maji kiasi hiki. Hospitali zilikuja Meru na Embu pamoja na wamisionari. Dkt. Clive Irvine wa misheni ya Kanisa la Scotland alifika Chogoria mwaka wa 1922, na wengine wakafungua zao Maua na Nkubu. Kilichowavuta watu wengi katika miaka ile ya 1920 haikuwa mahubiri, ilikuwa ni ugonjwa wa buba. Buba ilikuwa inakula ngozi na mifupa, mtu anakaa na vidonda miaka na miaka. Ikaja sindano, na vidonda vikaanza kukauka baada ya kudungwa mara moja au mbili. Watu walitembea safari ndefu kuifuata, na wengi hawakurudi kumaliza dozi kwa sababu kidonda kilikuwa kimeshakauka, wameona kwa macho yao.

Sasa mzee aliyeona hivyo utamwambia nini kuhusu sindano? Imani hiyo alimrithisha mtoto wake, na chupa ya maji ilipokuja ikawa ni sindano kubwa zaidi. Hospitali isiyodunga si hospitali. Lakini buba ilikuwa na bahati yake, dawa ilionekana kufanya kazi waziwazi. Magonjwa mengi hayako hivyo. Homa nyingi zinapona zenyewe, na nyingine zinaua hata ukifanya nini. Hapo jicho linadanganya: aliyepewa dawa akapona, unasifu dawa, wala hujui kama angepona bila hiyo.

Aliyelitazama tatizo hili kwa makini mapema sana alikuwa Muislamu mwenzetu, Abu Bakr Muhammad ibn Zakariyya ar-Razi, aliyezaliwa mji wa Rayy karibu na Tehran ya leo na kufariki karibu mwaka wa 925 Miladia. Alisimamia hospitali ya Rayy na baadaye ya Baghdad. Zama zile ilikuwa kawaida kumtoa mgonjwa damu kwa ugonjwa wa kichwa ulioitwa sirsam, ambao wataalamu wa leo wanaufananisha na homa ya uti wa mgongo. Je, kutoa damu kunasaidia? Katika maandishi yake yaliyokusanywa kwa jina la Al-Hawi, ar-Razi anaeleza kwamba wagonjwa fulani aliwatoa damu, na wengine aliwaacha makusudi bila kuwatoa, ili aone tofauti. Yeye mwenyewe aliridhika kwamba damu itolewe, na leo hakuna daktari anayetibu ugonjwa huo hivyo. Kwa hivyo jibu lake halikudumu. Njia yake ndiyo iliyodumu, yaani kuweka kundi la pili pembeni na kulinganisha.

Hapa niwakosoe kidogo walimu wangu wa madrasa, Allah awalipe kheri. Tulifundishwa kwamba ar-Razi alipotakiwa kuchagua mahali pa kujenga hospitali ya Baghdad, alitundika vipande vya nyama sehemu mbalimbali za mji, akachagua pale nyama ilipochelewa kuoza. Ni kisa kitamu, nami nimekihadithia mara nyingi. Lakini hospitali inayotajwa katika kisa hicho, Al-Adudi, ilifunguliwa karibu mwaka wa 982, na ar-Razi alikuwa ameshafariki zaidi ya miaka 50. Mwanahistoria wetu Ibn Abi Usaybi'a, aliyeandika habari za matabibu katika karne ya 13, alikwishaliona tatizo hilo la tarehe. Kama tunampenda ar-Razi kwa kulinganisha ushahidi, basi na sisi tuulinganishe, hata ukitunyima hadithi nzuri.

Njia ile ilichukua karne nyingi kuwa sheria ya hospitali. Waingereza walifanya jaribio lao maarufu la dawa ya kifua kikuu, streptomycin, wakatoa matokeo mwaka wa 1948, na wagonjwa waligawanywa kwa bahati nasibu ili daktari asiweze kuchagua nani anapata nini. Halafu njia ikafika kwetu. Wagonjwa wa Afrika Mashariki ndio walioshiriki jaribio lililotolewa mwaka wa 1972 kuonyesha kwamba kifua kikuu kinaweza kutibiwa kwa miezi 6 badala ya mwaka na nusu. Kila mgonjwa wa TB duniani anayemaliza dawa kwa miezi 6 ana deni kwa wagonjwa hao wa kwetu.

Sasa tuje Embu. Kyeni iko upande wa Runyenjes, ni mashamba ya kahawa na mahindi na maharagwe. Kati ya 1984 na 1986 watafiti wa chuo kikuu cha California, Los Angeles, pamoja na wa chuo kikuu cha Nairobi, walikaa Embu wakipima chakula cha familia na afya ya watoto. Ukame mkali wa 1984 uliwakuta huko huko wakipima. Waliona kwamba watoto wanaokula nyama na maziwa kidogo wanakua vizuri na wanafahamu masomo zaidi. Ukiharakisha utasema, basi, nyama inaongeza akili! Lakini subiri. Nyumba inayokula nyama ni nyumba gani? Ni yenye ng'ombe, yenye pesa, pengine na mama aliyesoma. Ni nyama, au ni pesa? Kutazama tu hakuwezi kutenganisha hayo mawili.

Ndipo mwaka wa 1998 Profesa Charlotte Neumann na Profesa Nimrod Bwibo, daktari wa watoto wa Nairobi, wakaanza jaribio lenyewe. Shule za msingi 12 za Kyeni ziligawanywa makundi manne kwa bahati nasibu, shule tatu kila kundi, na wakaanza na watoto wa darasa la 1. Kundi la kwanza likapewa githeri yenye nyama ya kusaga. La pili githeri na kikombe cha maziwa. La tatu githeri iliyoongezwa mafuta, hadi nguvu ya chakula ikalingana na ya wenzao. La nne halikupewa chakula. (Wanaosoma makala hii saa kumi jioni wanisamehe, maghribi haiko mbali.) Waliendelea hivyo kwa mihula 7.

Matokeo yalitoka mwaka wa 2003. Watoto wa nyama walizidi makundi yote katika mtihani wa kufikiri kwa kutumia michoro. Misuli ya mikono yao iliongezeka zaidi, na uwanjani ndio waliokuwa wachangamfu na wenye kuongoza michezo. Katika hesabu, kundi la nyama na la mafuta yote yaliwapita wale wasiopewa. Maziwa, ambayo kila mtu angeyapigia kura, hayakuleta faida hiyo kwenye mtihani wa michoro, ingawa yaliwasaidia kimo wale wadogo waliokuwa wamedumaa. Vitamini B12, ambayo watoto wengi wa Kyeni walikuwa na upungufu wake, ilipanda kwa waliokula nyama au kunywa maziwa. Nani angeyajua haya yote kwa kutazama tu?

Najua swali lako, maana hata mimi liliniuma. Wale wa kundi la nne je? Kumwangalia mtoto wa shule ya jirani akila githeri na nyama na wewe huna, si dhuluma hiyo? Waandalizi walijua, na mwisho wa utafiti familia za kundi hilo zilipewa mbuzi wa maziwa kila moja. Mbuzi si jambo dogo Kyeni. Bado kuna watakaosema haitoshi, na siwalaumu. Maoni yangu ni kwamba kabla ya 1998 watoto wote wa shule zile 12 walikuwa bila chakula hicho, hakuna aliyepokonywa. Na hakuna aliyekuwa na hakika kwamba chakula hicho kingesaidia, kiasi gani, na kipi kati ya vitatu. Hakika ndiyo inayofanya kunyima kuwa dhuluma.

Na je, ikiwa kile unachodhani ni rehema ndicho kinachoua? Hapo tuteremke Pwani, turudi kwenye ile chupa ya maji.

Kwa miaka mingi madaktari duniani walifundishwa kwamba mtoto mwenye homa kali, mikono baridi na mapigo dhaifu, afunguliwe maji mengi ya mshipa kwa haraka. Nchi tajiri zilifanya hivyo. Hospitali zetu nyingi hazikuwa na uwezo, na ilionekana ni aibu yetu. Mwaka wa 2009 Profesa Kathryn Maitland wa Kilifi, Profesa Sarah Kiguli wa Makerere na wenzao walianza jaribio lililoitwa FEAST katika hospitali 6: Kilifi kwa upande wa Kenya, Muheza kule Tanzania, na Mulago, Soroti, Mbale na Lacor nchini Uganda. Wengi wa watoto walikuwa na malaria. Wote walipata dawa, oksijeni, damu waliohitaji, na maji ya kawaida ya pole pole. Tofauti ilikuwa moja tu: makundi mawili yaliongezewa maji ya haraka, la tatu halikuongezewa.

Watoto 3,600 ndio waliokusudiwa. Mnamo Januari 2011, wakiwa wamefika 3,141, kamati iliyokuwa ikifuatilia hesabu ilishauri jaribio lisimamishwe. Katika saa 48 za kwanza, walikuwa wamefariki watoto 111 kati ya 1,050 na 110 kati ya 1,047 katika makundi yaliyopewa maji ya haraka. Katika kundi lisilopewa, 76 kati ya 1,044. Inna lillahi wa inna ilayhi raajiun. Maji yaliyotakiwa kuokoa yaliongeza vifo, karibu watoto 3 zaidi katika kila 100.

Jambo lililonishtua kuliko yote ni hili: baada ya saa ya kwanza, waliopewa maji walionekana na nafuu zaidi ya wenzao. Mapigo yalirudi, mikono ikapata joto. Daktari aliyesimama kitandani aliona maji yanafanya kazi, na mama naye aliona. Vifo vilikuja baadaye. Bila kundi la pembeni, lile la ar-Razi, dunia ingeendelea kumimina maji na kushukuru.

Tusichanganye mambo lakini. Jaribio lile halikuchukua watoto wenye kuhara na kuishiwa maji mwilini. Hao wanahitaji maji, na ORS inaokoa maisha, mtu asije akasoma hapa akamnyima mtoto anayeharisha.

Leo wizara ya afya ina kijitabu cha kutibu watoto, na yule anayetaka kufungua maji ya haraka anadaiwa kwanza aone dalili kadhaa kwa pamoja, siyo mikono baridi peke yake. Tangu 2013 hospitali kubwa ya Embu imo katika mtandao wa wodi za watoto unaokusanya kumbukumbu za wagonjwa, na ndani yake daktari hujaza fomu: mapigo, joto la mikono, sekunde ngapi damu inachukua kurudi kwenye ukucha uliobonyezwa, mtoto anaitika au haitiki. Yule kijana wa usiku ule alikuwa akibonyeza kucha za mpwa wangu na kuhesabu midomo ikicheza. Sisi tulidhani anapoteza wakati.

Ramadhan iliyopita nilimweleza mama haya yote tukisubiri kufuturu. Alisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza. Kisha akauliza: "Na wale 221 waliowekewa maji wakafa, mama zao waliambiwa?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Wallahu aalam.