Mnyororo wa Utunzaji wa Kielelezo

Katika rufaa ya jinai namba 110 ya mwaka 2007, Paulo Maduka na wenzake dhidi ya Jamhuri, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilifafanua mnyororo wa utunzaji wa kielelezo: ni kumbukumbu za maandishi, zilizofuata mpangilio wa wakati, zinazoonyesha kielelezo kilichukuliwa na nani, kikatunzwa wapi, kikakabidhiwa kwa nani, kikapimwa na nani na hatima yake ikawa nini.

Njia ya zamani ya misafara, iliyopita Tabora kwenda pwani, ina mfano wa mnyororo huo. Mmisionari na mvumbuzi David Livingstone alipofariki mwaka 1873 kijijini kwa Chitambo, Jacob Wainwright, mmoja wa watu wa msafara wake aliyejua kuandika, aliorodhesha vilivyomo masandukuni mbele ya wenzake. Watumishi wake Chuma, Susi na wenzao waliubeba mwili hadi Unyanyembe, jirani na Tabora ya leo, ambako msafara wa Mwingereza Cameron uliyafungua masanduku na kuchukua vyombo vya upimaji. Mwili ulifika Bagamoyo Februari 1874. Huko London, daktari William Fergusson aliutambua kwa mfupa wa mkono wa kushoto, uliowahi kuvunjwa na simba.

Mfupa ulijisemea wenyewe. Vilio la damu kwenye mkono wa bibi kizee aliyepigwa halijisemei. Baada ya siku chache limefifia. Tabora na Shinyanga zimewazika wanawake wazee waliouawa kwa kuitwa wachawi, wengine kwa sababu tu ya macho mekundu ya moshi wa kuni, baada ya mpiga ramli kuwachonganisha na ndugu zao. Mara nyingi anayempiga bibi kizee ndiye huyohuyo anayepaswa kumpeleka hospitali. Ndiyo maana mkono wa kwanza katika mnyororo huu una uzito kuliko yote: jirani, muuguzi wa zahanati, mtendaji wa kijiji.

Huyo wa kwanza ahakikishe mama anatibiwa na fomu ya polisi namba 3, yaani PF3, inapatikana. Picha ya simu ibaki ilivyopigwa, bila kukatwa wala kurembwa, na simu yenyewe itunzwe. Kitenge chenye damu kikaushwe, kiwekwe kwenye mfuko wa karatasi, si wa nailoni, kisha kikabidhiwe polisi kwa maandishi na saini za pande zote mbili. Maneno ya mama yaandikwe kwa Kinyamwezi, kama ndiyo lugha yake, jinsi alivyoyatamka, tafsiri ikae pembeni.

Kwangu mimi, neno “utunzaji” halitoshi. Linamfanya msikilizaji afikirie kabati lenye kufuli, ilhali kesi nyingi hukatikia mlangoni, kitu kinapotoka kwa huyu kwenda kwa yule. Nalo “mnyororo” linauma katika mji kama Tabora, ambako watumwa walipitishwa wamefungwa shingo. Ningependa tuseme “mfuatano wa makabidhiano ya kielelezo”, kwa kuwa neno makabidhiano linadai mtoaji, mpokeaji, tarehe na saini.

Hata PF3 imewahi kuondolewa kwenye kumbukumbu za kesi kwa sababu mshtakiwa hakuelezwa haki yake ya kutaka daktari aitwe kuhojiwa. Ikitokea hivyo, daktari bado anaweza kusimama kizimbani aeleze alichokiona, mradi jina lake liliandikwa vizuri, likasomeka, na anajulikana amehamishiwa wapi.