Kubitsa na Kubikuza: Historia ya Akiba ya Umma Nchini Rwanda Tangu Nkamba, 1975

Taarifa ya mwaka ya benki ya akiba ina umbo linalofahamika kote Afrika Mashariki. Huanza kwa kueleza jinsi amana zilivyoongezeka, hufuatia faida, kisha idadi ya matawi, na hatimaye, kwa fahari isiyofichika, mashine mpya za kutolea fedha na huduma nyingine ambazo mteja hujihudumia mwenyewe. Mwanahistoria wa uchumi hupata humo data anazozihitaji. Mtafiti wa lugha hupata swali: huyu mteja anayejihudumia anazungumza na nani, na kwa maneno yapi? Makala hii inalifuatilia swali hilo kupitia historia ya Banki y'Abaturage y'u Rwanda, yaani Benki ya Wananchi, tangu ilipoasisiwa mwaka 1975 hadi ilipounganishwa na kampuni tanzu ya KCB ya Kenya mwaka 2022. Hoja inayotetewa ni kwamba ukuaji unaohesabiwa katika taarifa hizo, na imani inayomfanya mtu aziache fedha zake mikononi mwa taasisi, ni mambo mawili yenye historia tofauti. Historia ya pili, kwa maoni yangu, imehifadhiwa vizuri zaidi katika vitenzi vya Kinyarwanda kuliko katika majedwali ya hesabu.

Njia mbili za akiba

Katika nchi zilizotawaliwa na Waingereza, akiba ya mtu wa kawaida ilipitia posta. Benki ya akiba ya posta ya Kenya ina mizizi yake mwaka 1910, na Benki ya Posta Tanzania, iliyoundwa upya kwa sheria ya mwaka 1991, ilirithi madirisha yaleyale ambamo karani wa barua alikuwa pia karani wa fedha. Ruanda-Urundi ilifuata njia nyingine. Chini ya Wabelgiji ulikuwapo mfuko wa akiba ulioanzishwa mwaka 1950 kwa ajili ya Kongo na maeneo hayo mawili, lakini ulikuwa chombo cha miji na cha watu wenye mshahara. Mkulima wa milimani hakuwa na sababu ya kuufikia. Yeye alikuwa na kundi lake la kuchangiana kwa zamu, ambalo Kinyarwanda hukiita “ikimina”, na lingali hai hadi leo.

Benki ya kwanza ya wananchi ilifunguliwa Nkamba, mashariki mwa nchi, katika eneo ambalo leo limo katika wilaya ya Kayonza. Ilikuwa ushirika wa akiba na mikopo, ukipata msaada wa Waswisi na kufuata mfano wa Raiffeisen, meya Mjerumani wa karne ya 19 aliyewashawishi wakulima wakopeshane kwa dhamana ya kujuana. Kujuana huko ndiko kulikokuwa mtaji halisi. Wanachama walikuwa majirani, waliichagua kamati wao wenyewe, na aliyeandika katika kitabu cha akiba alikuwa mtu ambaye mama yake unamfahamu. Ushirika mmoja ulizaa mwingine hadi vikawa vingi vya kutosha kuunda muungano wa kitaifa mwaka 1986.

Hapa ndipo vitenzi vinapohitaji kuangaliwa kwa makini. Kinyarwanda kina kitenzi “kubika”, yaani kuhifadhi, kuweka kitu mahali salama. Kuweka fedha benki, hata hivyo, si “kubika” bali “kubitsa”. Ukikichanganua, utakuta mzizi uleule -bik- ukifuatwa na kiambishi cha usababishi ambacho kimeigeuza sauti ya mwisho ya mzizi. Maana yake, tukiitafsiri neno kwa neno, ni kumfanya mwingine akuhifadhie. Kutoa fedha ni “kubikuza”. Hapa mzizi umepokea kwanza kiambishi cha utenduzi, kile ambacho katika Kiswahili kinageuza funga kuwa fungua, kisha tena usababishi: kumfanya mwingine akutolee kile alichokihifadhi. Vitenzi vyote viwili vina mtu wa pili ndani yake. Kiswahili hakina mtu huyo. Tunasema kuweka na kutoa, na mtendaji ni mwenye fedha peke yake, kama anayeweka sufuria kabatini.

Sidai kwamba sarufi inaamua mwenendo wa wateja. Hoja hiyo imekwisha kuumiza taaluma yetu mara nyingi. Ninachodai ni kidogo zaidi: pale taasisi mpya ilipohitaji jina la tendo lake la msingi, wazungumzaji walichagua umbo lililotaja uhusiano kati ya watu wawili, ingawa umbo rahisi zaidi lilikuwapo. Chaguo hilo ni ushahidi wa kihistoria juu ya namna walivyoielewa benki.

Imani iliyovunjika mara mbili

Mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, mtu huyo wa pili aliondoka kwa maana zote. Wako makarani waliouawa, wako wanachama waliouawa, na wako waliokuwa miongoni mwa wauaji. Ushirika uliojengwa juu ya majirani kujuana ulikutana na ukweli kwamba kujuana hakukuwaokoa majirani. Fedha zilizokuwa Benki Kuu zilichukuliwa na serikali iliyokuwa ikikimbilia Zaire, na mapema mwaka 1995 serikali mpya ilibatilisha noti za zamani na kutoa nyingine. Kwa aliyenusurika akiwa na noti chache zilizofichwa, na kwa aliyekuwa na kitabu cha akiba cha tawi lisilo na mtu, neno “kubikuza” lilikuwa halina mhusika wa kulitekeleza.

Kwamba benki hizi zilifufuka ni jambo ambalo taarifa za ukuaji hulitaja kwa sentensi moja. Linastahili kitabu kizima, na natumaini mtu atakiandika wakati wale waliozifungua tena ofisi hizo wangali wanaweza kusimulia.

Pigo la pili lilikuwa dogo kwa kipimo hicho lakini halikuwa dogo kwa waliopigwa. Mwaka 2006 taasisi kadhaa za fedha ndogondogo zilianguka na Benki Kuu ikazifunga. Wenye akiba humo walikuwa wachuuzi, walimu na wakulima. Sheria kali zaidi ya taasisi hizo ilipitishwa mwaka 2008, na mwaka huohuo utafiti wa FinScope ulionyesha hali ilivyokuwa: asilimia 14 tu ya watu wazima walitumia benki, na zaidi ya nusu hawakutumia huduma yoyote ya fedha, iwe rasmi au ya ikimina.

Mwaka 2008 na maana yake

Mwaka 2008 ni mwaka mzito katika historia hii. Ushirika zaidi ya mia moja wa Banki y'Abaturage uliunganishwa kuwa benki moja ya biashara, Rabobank ya Uholanzi ikanunua sehemu ya hisa, na wanachama wakawa wanahisa. Mwaka huohuo serikali iliamua kwamba lugha ya kufundishia shuleni iwe Kiingereza badala ya Kifaransa. Rwanda ilikuwa imejiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka mmoja kabla, na KCB ilikuwa inafungua milango yake Kigali. Maamuzi haya yalifanywa katika ofisi tofauti kwa sababu tofauti, lakini yalimkuta mtu mmoja: mwanachama wa zamani wa Nkamba au wa kwingineko, ambaye sasa aliitwa mteja, mwenye “konti” iliyotoka katika Kifaransa, aliyetarajiwa kupewa kadi yenye maandishi ya Kiingereza.

Kadi ilihitaji mashine. Mashine ya kwanza ya aina hiyo duniani ilikuwa imezinduliwa na Barclays kaskazini mwa London mwezi Juni 1967, na kwa miaka mingi nchini Rwanda ilibaki kitu cha hoteli na makao makuu ya benki za Kigali. Miaka ya 2000 ndiyo iliyoleta mtandao wa kitaifa wa kuziunganisha, kwanza kwa jina la SIMTEL, baadaye RSwitch. Watu waliiita mashine “icyuma”, chuma, neno ambalo msomaji wa Kiswahili halihitaji kutafsiriwa. Kitenzi hakikubadilika. Waliendelea kusema wanakwenda “kubikuza” kwenye chuma, yaani kumfanya mtu awatolee fedha mahali ambapo hapakuwa na mtu.

Jioni moja karibu na kituo cha mabasi cha Nyabugogo nilisimama katika foleni nyuma ya mama mmoja mwenye umri wa mama yangu. Zamu yake ilipofika aliitazama skrini, akageuka, akaninyoshea kadi. “Mwana wanjye,” alisema, mwanangu, kisha akanitajia namba yake ya siri kwa sauti ambayo foleni yote iliisikia. Nilimjibu, “Mubyeyi, namba hii hutajiwi mtu.” Aliniuliza, bila kejeli yoyote, sasa nitamwambia nani? Nilimsaidia, nikageuza uso alipobonyeza, nikamsihi abadilishe namba hiyo kesho yake tawini. Kwa muda mrefu nilikisimulia kisa hiki kama mfano wa uhaba wa elimu ya fedha. Sikisimulii hivyo tena. Mama yule alikuwa anatekeleza kitenzi chake barabara: alihitaji mtu wa kumtolea, na aliyekuwapo nilikuwa mimi.

Ukuaji ulitoka wapi

Takwimu zinazofuata zinajulikana na wengi kongamanoni hapa, ila nadhani husomwa haraka mno. Kati ya mwaka 2008 na 2016, sehemu ya watu wazima waliotumia huduma yoyote ya fedha, rasmi au isiyo rasmi, ilipanda kutoka asilimia 48 hadi 89. Katika kipindi hichohicho, waliotumia benki walipanda kutoka asilimia 14 hadi 26 tu. Sehemu kubwa ya ongezeko, basi, haikupitia benki, na kwa hiyo haikupitia mashine zake. Ilipitia mahali ambapo mtu wa pili alirudishwa.

Mahali pa kwanza ni SACCO za Umurenge, zilizoanzishwa mwaka 2009, moja katika kila umurenge kati ya 416 nchini. Mpango huu uliirejesha hesabu ya Nkamba kwa amri ya serikali: ofisi unayoweza kuifikia kwa miguu, karani wa hapohapo, kamati iliyochaguliwa. Kasoro zake zilikuwa nyingi. Vitabu viliandikwa kwa mkono, wizi wa fedha ulitokea, na kazi ya kuziunganisha kwa kompyuta ilichukua zaidi ya mwongo mmoja. Pamoja na hayo watu walipeleka akiba zao huko, miaka mitatu tu baada ya pigo la 2006.

Mahali pa pili ni simu. MTN ilianzisha huduma ya fedha kwa simu mwaka 2010, miaka mitatu baada ya M-Pesa kuanza Kenya. Washauri wa sera huiweka simu katika safu moja na mashine, kama huduma za kujihudumia. Kwa mtazamo wa lugha huo ni upangaji mbaya. Aliyetaka fedha taslimu kutoka kwenye simu alikwenda kwa wakala, akamwamkia, akamwambia anataka “kubikuza”, na wakala akamtolea. Mashine za benki zilibaki mamia kwa nchi nzima wakati mawakala walifika makumi ya maelfu. Ndiyo maana naona vigumu kukubali kwamba idadi ya mashine ni kipimo cha huduma kumfikia mwananchi. Ni kipimo cha uwekezaji wa benki, ambalo ni jambo halali lakini lingine.

Mfano unaokwenda kinyume na hoja yangu ni Ejo Heza, mpango wa akiba ya muda mrefu ulioanza Desemba 2018, ambamo mtu hujiandikisha mwenyewe kwa kubonyeza namba fupi katika simu ya kawaida. Jina lake maana yake ni kesho njema, na kitenzi kinachoandamana nao si “kubitsa” bali “kwizigamira”, chenye kiambishi cha kujirejea na cha kutendea: kujiwekea akiba. Hapa lugha inamtaja mtu mmoja tu, na watu wengi wameingia. Ingefaa kuchunguzwa ni wangapi walijibonyezea wenyewe na ni wangapi walibonyezewa na mhamasishaji wa kijiji. Jibu lingeonyesha kama kitenzi kipya kimeleta tendo jipya au kimelifunika la zamani.

Kiswahili katika skrini

Mwaka 2016 Banki y'Abaturage ilipata mmiliki mkuu mpya, Atlas Mara, na mwaka 2021 hisa hizo zikanunuliwa na KCB. Kwa njia hiyo benki iliyozaliwa Nkamba sasa ina makao ya mmiliki wake Nairobi, na Kiswahili, lugha rasmi ya Rwanda tangu sheria ya mwaka 2017, kinatajwa mara kwa mara kama lugha ambayo huduma zake zingeweza kutolewa. Mashine nilizozitumia Kigali hadi sasa zimenipa Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Wafanyabiashara wa Nyamirambo na Biryogo, ambako Kiswahili kimekuwa lugha ya duka kwa zaidi ya karne moja, hubonyeza Kinyarwanda na kuendelea na shughuli zao.

Kuongeza Kiswahili ni kazi nyepesi kwa fundi wa programu. Ugumu uko kwetu. Skrini ya Dar es Salaam husema “toa fedha” na Mtanzania huelewa kwamba anayetoa ni yeye. Mnyarwanda aliyejifunza Kiswahili ukubwani, akitafsiri kutoka katika “kubikuza”, huweza kuisoma amri hiyohiyo kama anaambiwa aitolee mashine fedha. Nilipowaonyesha wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza maneno hayo bila picha, baadhi yao walidhani ni mahali pa kuweka amana. “Pokea fedha” lingewaondolea utata huo, ingawa lingemshangaza mtu wa Tanga. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, iliyoko Zanzibar, ina mamlaka ya kusawazisha istilahi za namna hii katika nchi wanachama, na benki zinazovuka mipaka zimekwisha kufika bila kuisubiri. Ningependekeza kazi ianze na vitenzi hivi viwili, na ianze kwa kuwasikiliza watu walio kwenye foleni.