AMPEL, SURABAYA: MTAA WA WAGENI WALIOGEUKA WENYEJI



Ramadhani hii hebu tusafiri kidogo kwa fikra. Tuvuke Bahari ya Hindi mpaka kisiwa cha Java, nchini Indonesia, tuingie Surabaya, mji wa bandari ambao ni wa pili kwa ukubwa katika nchi hiyo. Kwenye mji mkongwe, upande wa mashariki wa mto Kalimas, kuna mtaa unaoitwa Ampel. Vichochoro vyake ni vyembamba. Maduka yanauza tende, marashi, tasbihi, kofia na saruni. Kijana wa Mji wa Kale, Mombasa, akitembezwa huko hatajiona mgeni sana.

Mtaa huu una kisa ambacho vijana wa Kiislamu wa Kenya wanahitaji kukijua. Ni kisa cha watu waliojiuliza: sisi ni wa wapi?

MZEE WA AMPEL

Jina kubwa la mtaa huu ni Raden Rahmat, maarufu kama Sunan Ampel, mmoja katika Wali Songo, yaani mawalii tisa wanaohesabiwa kuwa ndio walioeneza Uislamu Java. Aliishi karne ya 15. Inasimuliwa kwamba alitoka Champa, sehemu ambayo leo iko Vietnam, na kwamba shangazi yake aliolewa na mfalme wa Majapahit, dola iliyofuata dini za Kihindu na Kibudha. Kwa hivyo alifika akiwa mgeni mwenye jamaa. Akapewa ardhi hapo Ampel, akajenga msikiti na chuo. Mapokeo yanautaja mwaka 1421 kuwa ndio mwaka wa msikiti huo. Miongoni mwa wanafunzi wake ni Raden Patah, sultani wa kwanza wa Demak, na wanawe wawili, Sunan Bonang na Sunan Drajat, nao pia wako katika wale tisa.

Sasa sikiliza alivyofundisha. Aliwapa watu maneno mawili ya Kijava: moh limo, maana yake "hatutaki matano". Hatutaki kamari, ulevi, wizi, afyuni wala zinaa. Kwa Kijava yote matano huanza na sauti ile ile, hata mtoto huyashika upesi. Hiyo afyuni sisi wa Pwani hatuhitaji kufafanuliwa. Kwetu inaitwa unga, na tumewazika wenzetu kwa sababu yake.

Ukienda kuzuru kaburi lake utapita malango matano yenye majina ya Kijava. Munggah ni kupanda, yaani kwenda Hija. Poso ni kufunga. Madep ni kuelekea kibla, Ngamal ni kutoa, na Paneksen ni kushuhudia. Nguzo zote tano za Uislamu unazipita kwa miguu, na kwa lugha ya mwenyeji.

WASHIHIRI WAFIKA

Waarabu walikuwa wakifika Java kwa biashara tangu zamani, lakini wengi zaidi walikuja karne ya 19, hasa baada ya Mfereji wa Suez kufunguliwa mwaka 1869 na meli za moshi kuongezeka. Karibu wote walitoka Hadhramaut, Yemen. Ndio hao hao ambao Pwani ya Kenya tunawaita Washihiri. Walikuja wanaume watupu, wakaoa wanawake wa huko, wakazaa. Wengi walikaa karibu na msikiti wa Sunan Ampel.

Lakini Mholanzi alikuwa na hesabu zake. Aligawanya mji kwa kabila: Wazungu ng'ambo ya mto, Wachina mtaa wao, Waarabu mtaa wao chini ya mkubwa aliyeitwa Kapitan. Kwa miaka mingi Mwarabu hakuweza kusafiri kwenda mji mwingine bila kibali. Kisheria alihesabiwa "mgeni wa Mashariki". Kijana ambaye mamake ni Mjava, nyanyake ni Mjava, na hajawahi kuiona Hadhramaut hata ndotoni, bado aliitwa mgeni.

Na wenyewe kwa wenyewe pia walitengana. Aliyezaliwa Hadhramaut alijiona bora kuliko aliyezaliwa Java. Kisha masharifu na wasiokuwa masharifu wakavutana vikali, hasa baada ya chama cha Al-Irsyad kuanzishwa mwaka 1914, kikiongozwa na Sheikh Ahmad Surkati, mwanachuoni kutoka Sudan.

KIAPO CHA VIJANA

Hapo ndipo anapoingia mtoto wa Ampel, Abdurrahman Baswedan, aliyezaliwa mwaka 1908. Alikuwa mwandishi wa magazeti. Agosti 1934 alichapisha makala gazetini pamoja na picha yake amevaa kilemba cha Kijava. Mwarabu kuvaa Kijava! Watu walishtuka. Ujumbe wake ulikuwa rahisi: mahali ulipozaliwa ndipo kwenu.

Oktoba mwaka huo huo, mjini Semarang, vijana wa kambi zote mbili waliketi pamoja, wakaunda chama na kuapa mambo matatu. Nchi yao ni Indonesia. Wataacha maisha ya kujitenga. Watatimiza wajibu wao kwa nchi na watu wake. Wazee wengi hawakufurahi, kwani kwao nyumbani kulibaki ng'ambo ya bahari.

Kiapo hicho kilitiwa kwenye mizani upesi. Indonesia ilitangaza uhuru tarehe 17 Agosti 1945. Oktoba 22 maulamaa wa Nahdlatul Ulama walikutana Surabaya wakatoa wito wa kuutetea uhuru huo. Oktoba 30 brigedia Mwingereza, Mallaby, aliuawa karibu na Daraja Jekundu, mwendo mfupi kutoka Ampel. Novemba 10 Waingereza wakaushambulia mji kwa mizinga, meli na ndege. Vita vilidumu kama wiki tatu, na maelfu walikufa. Kiyai Mas Mansur, aliyekuwa mwenyekiti wa Muhammadiyah tangu 1937, alikamatwa na akafia kizuizini mwaka 1946. Leo barabara kubwa ya mtaa huu ina jina lake. Baswedan naye alikuwa katika ujumbe uliokwenda Cairo mwaka 1947, na yeye ndiye aliyeibeba mpaka nyumbani hati ya Misri ya kuitambua Indonesia. Mwaka 2018 alitangazwa shujaa wa taifa.

SISI NA WAO

Ndugu yangu, udugu wetu na watu hawa si wa maneno tu. Maulidi ya Habib Ali al-Habshi wa Seiwun, yanayosomwa Lamu tangu enzi za Habib Saleh, yanasomwa Surabaya pia. Msikiti wa Habib Ali kule Seiwun unaitwa Riyadh. Lamu tuna Riyadha. Mji wa Solo, huko huko Java, kuna Riyadh iliyojengwa na mwanawe. Hata jina la ukoo wa Habib Saleh, Jamalullail, liko huko.

Na Ramadhani zinafanana. Jioni watu wanajaa Ampel kutafuta futari. Kuna roti maryam, ambayo ukiiona utasema ni chapati, na wali wa kebuli wenye nyama ya mbuzi, binamu wa pilau. Usiku wa witiri wa kumi la mwisho, msikiti hufurika watu mpaka vichochoroni.

Basi kijana mwenzangu, siku ukiulizwa kwa kejeli "nyinyi mlitoka wapi?", usitafute jibu la hasira. Asili yako ijue na uiheshimu. Kisha ufanye walichofanya vijana wa Ampel: jirani ana shida, uwe wa kwanza mlangoni. Mtaa una unga, simama uukatae. Nchi inataka watu wa kuitumikia, jitokeze.

Mwenyezi Mungu azikubali funga zetu, aturehemu sisi na waliotutangulia. Amin.

Wabillahi tawfiq.