Uzi si Kazi Ndogo

Ndugu wanachama, katika kutimiza miaka 10 ya kuweka na kukopa, tumeona tukumbushane habari za uzi. Mara ngapi tumeambiwa kufuma ni kupitisha muda tu?

Mwaka 1922 Anni Albers alijiunga na chuo cha Bauhaus, Ujerumani. Alitaka karakana ya vioo. Akaishia kwenye ufumaji, walikopelekwa wanawake wengi. Hakukata tamaa. Mwaka 1949 jumba la sanaa za kisasa la New York lilimfanyia maonyesho yake peke yake, mfumaji wa kwanza kupewa heshima hiyo pale.

Kule Poland, Magdalena Abakanowicz alikusanya kamba kuukuu za bandarini, akazifumua, akazitia rangi, akafuma upya. Kamba za mkonge, jamani, huu huu tunaoujua! Mwaka 1965 akapata medali ya dhahabu São Paulo, Brazil.

Nasi je? Tulianza kwa kufumua masweta ya mitumba. Tulipotaja bei tulihesabu uzi tu, saa zetu tukazitoa bure. Hapo ndipo tulipopunjika. Akina mama, kuanzia sasa tuhesabu na mikono yetu.