Ngazi za dharura na roshani: jengo linavyokaguliwa kupata cheti cha usalama wa moto

Na Mwandishi Wetu

Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji Na. 14 ya mwaka 2007 inalipa Jeshi hilo, lililo chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, mamlaka ya kukagua majengo na kujiridhisha kuwa yana kinga dhidi ya moto. Kanuni zilizotungwa mwaka 2008 chini ya Sheria hiyo ndizo zinazoweka utaratibu wa ukaguzi na utoaji wa vyeti. Wanaohusika ni wamiliki wa hoteli, nyumba za kulala wageni, shule, hospitali, kumbi, maduka na majengo ya ofisi, pamoja na majengo mengine yanayotumiwa na watu wengi.

Maombi huwasilishwa katika ofisi ya Zimamoto na Uokoaji ya wilaya au mkoa lilipo jengo. Ada hutegemea aina na ukubwa wa jengo, nayo hulipwa serikalini kwa kumbukumbu namba ya malipo. Mmiliki anayeombwa fedha mkononi ana haki ya kukataa na kutoa taarifa. Kwa jengo ambalo bado halijajengwa, ni busara michoro ifikishwe kwa Jeshi mapema, kwani kuhamisha ngazi kwenye karatasi ni kazi ya saa chache, ilhali kuihamisha baada ya zege kukauka ni kuvunja jengo.

Wengi hudhani ukaguzi ni kuhesabu mitungi ya kuzimia moto. Mitungi huangaliwa, lakini swali zito zaidi ni iwapo mtu aliyelala ghorofa ya juu anaweza kufika nje bila msaada wa mtu mwingine, gizani, katikati ya moshi. Kwa sababu hiyo, njia ya kutokea hufuatwa kuanzia mlango wa chumba hadi uwanja wa kukusanyika. Mlango wa dharura unapaswa kufunguka kwa kusukumwa kuelekea nje, pasipo kutafuta ufunguo. Milango ya ngazi inapaswa kujifunga yenyewe ili moshi usipande kupitia humo kama unavyopanda katika bomba la jiko. Tofali linalowekwa ili mlango huo ubaki wazi, jambo linaloonekana katika majengo mengi, huondoa kinga yote iliyogharimiwa.

Kasoro inayojirudia ni kufuli. Wamiliki wanaogopa wezi, na hofu hiyo ina msingi. Hata hivyo, Machi 2001 wanafunzi 67 walikufa katika bweni la Shule ya Sekondari Kyanguli, Machakos, nchini Kenya. Bweni hilo lilikuwa na milango miwili, mmoja ukiwa umefungwa kwa kufuli, na madirisha yalikuwa na nondo. Kuna vitasa vinavyozuia mtu wa nje na kumruhusu wa ndani atoke kwa kusukuma tu. Nondo za dirishani nazo zinaweza kuwa na sehemu inayofunguka kutokea ndani.

Ngazi za chuma zilizofungwa nje ya ukuta zina hatari ya aina yake, kwa kuwa huweza kupita miaka mingi bila kukanyagwa, hadi siku ambayo watu wote huzikimbilia kwa pamoja. Hilo ndilo lililotokea New York, Marekani, Machi 1911, katika kiwanda cha nguo cha Triangle. Mlango mmoja wa kutokea ulikuwa umefungwa, ngazi ya nje ikaporomoka kwa uzito wa waliokuwa wakikimbia, na watu 146 wakafa katika moto huo. Katika miji ya pwani kama Dar es Salaam, Tanga na Mtwara, hewa ya chumvi huharakisha kutu, hasa pale chuma kinapoingia ukutani na kwenye maungio, ambako rangi mpya huficha uoza badala ya kuuponya.

Roshani huhitaji jicho la namna hiyo hiyo. Roshani nyingi hushikiliwa upande mmoja tu, na nondo zinazobeba uzito wake ziko sehemu ya juu ya zege. Maji yanayotuama sakafuni hupenya hadi kwenye nondo hizo. Ufa unaofuata mstari wa ukuta, au zege linalobanduka na kuacha chuma wazi, ni dalili ya kuwaondoa watu kwanza na kuuliza baadaye. Tangi la maji la lita 1,000 likijaa huwa na uzito wa tani moja, na si kila roshani ilisanifiwa kulibeba. Uimara wa ngazi au roshani yenye dalili hizo hupimwa na mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na taarifa yake ya maandishi huhifadhiwa pamoja na nyaraka za jengo.

Kasoro zikibainika, mmiliki huelekezwa marekebisho. Cheti huhuishwa kila mwaka, kwa sababu mpangaji mmoja akigeuza korido kuwa stoo, njia iliyokaguliwa haipo tena. Wapangaji na wageni wanaweza kutoa taarifa za njia zilizozibwa katika ofisi ya Jeshi iliyo karibu, na moto ukitokea namba ya dharura ni 114. Sheria hii inatumika Tanzania Bara. Kwa Zanzibar, mwenye dhamana ni Kikosi cha Zimamoto na Uokozi.